Mstari Uliofuata Pilau

Jumamosi, kwenye basi la Alexandria, Marekani, mbele yangu waliketi kina mama wawili, Mtanzania na Mkenya, kila mmoja na stika ya “Nimepiga kura” kifuani. Virginia nzima ilikuwa ikiulizwa kama mipaka ya majimbo ya uchaguzi ichorwe upya.

“Mimi nimekataa,” alisema Mtanzania, akikata hewa kwa kidole. “Huwezi kuupinda mstari mpaka mlangoni kwa mtu, eti kwa sababu unamhitaji.”

Mkenya aliitikia kwa kichwa. “Ni kweli, dadangu. Sasa mbona siku hizi nasali na jumuiya yenu?”

“Si tulizipanga upya jumuiya za kanisa? Kila mtu asali na majirani zake.”

“Majirani zangu wanasali ghorofa ya chini. Kwenu napanda basi. Na ramani ulichora wewe.”

“Ni jiografia tu, mwenzangu.”

“Jiografia gani hiyo inaruka jengo zima na kuchukua mlango wangu peke yake, sikukuu ya jumuiya ikikaribia, na mpishi wa pilau ni mimi?”

Mtanzania alivuta mtandio, akatazama nje. Kisha akasema kwa upole, “Lakini mbuzi tumeshaagiza.”

Msimamo wangu kuhusu mipaka ya Virginia nimeuacha kwenye sanduku la kura. Kuhusu ile ya kanisa, niliinama nikamuuliza mchoraji wa ramani, kwa heshima zote, kama mstari wake ungeweza kupinda kidogo ukafika kwangu.

Alinitazama juu mpaka chini. “Wewe unajua kupika nini?”