Kosa Lililonichagulia Pascal

Nilipomaliza kidato cha nne, baba alinitoa Kehancha akanipeleka kwa shangazi, dada yake aliyeolewa Homa Bay, ambaye alikuwa akiuza samaki sokoni. Nilitaka kusomea kompyuta. Shangazi aliposikia hivyo alinitazama kana kwamba nimemletea samaki wa mbuta aliyekaa siku tatu.

Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati. Karani alitueleza kwamba kulikuwa na kozi mbili za kuandika programu, COBOL na Pascal, akasema mwanafunzi mwerevu huchukua COBOL kwa sababu ndiyo ya mabenki. Shangazi akaomba tuone chumba cha COBOL. Kimefungwa, karani akasema, mwalimu yuko mkutanoni. Tuliporudi siku mbili baadaye kilikuwa bado kimefungwa, na sasa mwalimu alikuwa matangani. Shangazi aligusa kufuli, akanionyesha kutu kwenye kidole chake.

Mwalimu wa Pascal alikuwa mtu mpole mwenye shati lililopauka. Alikiri mwenyewe kwamba kati ya kompyuta zake nne, mbili ni mbovu. Akawasha moja, ikaniuliza jina langu. Nikaliandika kwa kidole kimoja, nayo ikanisalimu kwa jina hilo. Nilifurahi sana, lakini shangazi alikuwa amekunja uso.

"Mwalimu," alisema, "hii umeipika kabla hatujaingia. Ifanye iseme kitu kingine, sisi tukiangalia."

Nami nikaanza kushuku. Mwalimu akamuuliza anataka nini, shangazi akasema ijumlishe samaki wa vikapu viwili. Mwalimu akaandika mistari michache, akabonyeza. Kompyuta ikakataa, ikaleta maneno ya Kiingereza ambayo sikuyaelewa. Nikajua tumefanywa wajinga.

Mwalimu alisogeza kiti, akasoma polepole. "Nimesahau nukta mkato mwisho wa mstari huu," akasema. "Iweke wewe."

Niliiweka. Programu ikakubali. Shangazi alitaja idadi nyingine mara tatu, kila mara akihesabu kwa vidole kwanza, na kila mara kompyuta ikapatana naye.

Tukiwa kwenye ngazi alisema, "Huyu amekosea mbele yetu na hakuficha. Yule mwingine hata uso wake hatujauona."

Basi nikajiandikisha Pascal, na sikujuta. Lakini mwezi uliofuata chumba cha COBOL kilifunguliwa. Ndani mlikuwa na kompyuta sita, zote nzima, na mwalimu wake wanafunzi walimsifu kuliko wote. Kumbe kweli alikuwa amemzika mama yake.

Nilimwambia shangazi. Akasema nikampe mwalimu huyo pole. Nilimpata koridoni, nikampa. Alinishukuru, akaniuliza kama nasoma darasa lake. Nilisema hapana, nikashindwa kumtazama machoni.