Aliyekataa Kuosha Injini ya Moto

Jirani yetu wa Bomani amefariki. Nilipigiwa simu saa tatu asubuhi nikiwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa mjini, na kwa kuwa foleni ilikuwa inasogea, nami nilisogea. Nilifika dirishani, nikaeleza shida yangu, nikapewa fomu. Sikuhisi chochote, na hata leo, wiki mbili baada ya kumzika kwao Ikoma, sijui kama ninachohisi kina jina. Siku ya mazishi mjane wake aliniita pembeni, akaniuliza kama mumewe aliwahi kuniambia jambo lolote kuhusu afya yake, maana mimi ndiye niliyekuwa nikishinda naye uani. Nyuma yetu ndugu walikuwa wameshaanza kumtaja kwa sauti ya chini bibi mmoja mzee anayeishi peke yake mpakani mwa shamba lao. Mtu mzima, walisema, haanguki tu akafa bila mkono wa mtu. Nikamjibu mjane kwamba hakuniambia kitu. Nilidanganya, na safu ya leo imetokana na uongo huo.

Marehemu aliendesha magari ya wageni karibu na lango la hifadhi la Ikoma kwa miaka mingi, kisha akastaafu na kuhamia kwetu, ambako mkewe alikuwa mwalimu. Alikuwa na pikapu kuukuu, na kila vumbi la kiangazi lilipojaa chini ya boneti aliiosha injini yake mwenyewe. Mimi, niliyerudi kutoka chuo kikuu na tabia ya kuhoji hata salamu, nilipenda kumsumbua. Kwa nini asubuhi? Kwa sababu injini imepoa usiku kucha. Ukiimwagia maji baridi ikiwa ya moto, chuma kinaweza kupasuka. Kwa nini unachomoa waya hasi wa betri? Ili umeme usikutane na maji. Alifunika alteneta, sanduku la fyuzi na tundu la kuvutia hewa kwa nailoni, akafunga kwa vipande vya tyubu, ndipo akapaka sabuni kwa brashi na kusuuza kwa maji kidogo ya kopo. Zile mashine zinazorusha maji kwa nguvu hakuzitaka. Alisema maji yake huingia mahali yasipojua njia ya kutokea. Kisha alifuta kwa matambara na kuacha boneti wazi mpaka alasiri. Nikamuuliza mbona hatumii mafuta ya taa kama mafundi wengine. "Yanaondoa grisi vizuri," alisema, "na yanaweza kuondoa nyumba pia." Swali asilojua jibu lake, alisema hajui. Wazee wengine, nilipowauliza "kwa nini?", waliniambia tu kwamba nimesoma sana.

Siku niliyomwangusha ni ile tuliyompeleka kaka yangu Kenyamonta kuzungumzia mahari. Kwa wakwe wale kuna mzee anayekagua gari la wageni kama anavyokagua ng'ombe: hulizunguka, huligonga ubavu, kisha huomba boneti ifunguliwe. Tulikuwa tumeonywa. Asubuhi hiyo nilitoka kujaza gari letu mafuta, nikaiona grisi kwenye injini, nikaona aibu. Nikaazima mashine ya kuoshea magari na kuimwagia injini ikiwa bado inafuka. Iling'aa kweli. Tulipopiga stata ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kaka alikaa kizingitini na suti yake. Wakwe walikuwa wametupa mwisho saa sita mchana. Jirani aliletwa na kelele za stata, akayatazama maji, kisha akanitazama mimi.

"Mura, kijana wangu, hii ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza."

"Wewe? Wewe unayeniuliza mpaka rangi ya sabuni?"

Alichomoa koili za plagi moja baada ya nyingine, akayakausha matundu yake kwa kitambaa alichokizungushia kijiti, akamalizia kwa pampu ya baiskeli. Injini iliwaka saa tano na nusu, naye akapanda ili ikizima njiani awepo. Tulifika saa nane. Mjomba tuliyesafiri naye alikuwa ameshaandaa hadithi ya lori lililopinduka barabarani, lakini jirani alimtangulia. "Wazee, tumechelewa kwa sababu tuliosha injini vibaya," alisema. "Kosa ni letu." Mzee mkaguzi akafungua boneti, akainama muda mrefu, kisha akasema gari hili limekunywa kabla ya wageni. Wakacheka, tukakaribishwa ndani. Kaka sasa ana watoto wawili.

Miezi mitatu iliyopita, tukiwa tumeinamia ile pikapu, aliniambia kwamba ameacha vidonge vya shinikizo la damu kwa kuwa anajisikia mzima. Alilisema huku akikamua tambara. Mimi niliyewahoji wachungaji, madiwani na baba yangu mzazi, sikumuuliza kwa nini. Nilimpa brashi. Nimelitafakari hilo bila kupata faraja. Nadhani wengi wetu tuliosoma tunapenda maswali yanayotupa sifa; swali la vidonge lingenipa kazi ya kumpeleka kliniki, kurudi tena kesho yake, kubishana na mtu mzima kuhusu mwili wake. Na huku kwetu, mahali palipokosa sababu huwa hapakai wazi; tunamweka mtu hapo. Safari hii mahali hapo nilipaacha wazi mimi.

Jumamosi iliyopita nilirudi Ikoma. Nilimwamkia mjane shikamoo, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakulia.

"Nilivikuta kabatini havipungui," alisema. "Nikanyamaza. Na alipokufa nikaogopa wataniuliza ni mke gani huyu. Basi tulikuwa wawili."

Akavaa kandambili, akaniambia twende nikayarudie mbele ya shemeji zake. Nikayarudia, naye akasema ya kwake. Mdogo wa marehemu aliniuliza kama ninajua ninachokisema, nikasema ninajua. Mkubwa akaagiza kwamba yule bibi asisogelewe na mtu mpaka wamsikie daktari. Hiyo "mpaka" sikuipenda, lakini niliondoka nayo, kwa sababu ilikuwa zaidi ya kile nilichompa bibi huyo siku ya mazishi.

Mtu akikwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ameacha dawa kwa kuwa amepona, weka chini ulichoshika. Muulize kwa nini, na usiondoke kabla hajajibu. Usipomuuliza yeye akiwa hai, ataulizwa mtu asiyehusika.