Siku Bibi Alipoitikia Salamu Akiwa Ahera

Juzi nilikuwa stendi ya Nyegezi nasubiri basi lililogoma kuondoka, binamu yangu akanitumia video kwenye simu na neno moja tu: "Umemwona?" Nikafungua. Moshi, mawe, watu waliojifunga mashuka meupe. Kabla sijaelewa naangalia nini, nikasikia sauti ya bibi yangu. Ndugu yangu, nilijikuta nimekaa juu ya begi la mtu nisiyemjua. Bibi hayupo tena duniani. Picha zake tunazo, zote amekaza uso kama yuko mbele ya hakimu, ila sauti yake ilinaswa mara moja tu, kwenye filamu ya mtaani ambayo nakala zake zilishapotea. Nilidhani imekwenda naye.

Chini ya video watu walikuwa wanabishana kweli kweli. Mmoja anasema sehemu ya yule bibi ilimtisha mpaka akaogopa kwenda chooni peke yake. Mwingine anacheka, eti mzimu gani huo unaitikia salamu. Wengine wanamtaka mwenye filamu aikate, inaharibu kazi. Na mwenye filamu alikuwa amewajibu kwa upole kwamba wamesema kweli, anaisafisha, kipande hicho atakiondoa. Nikaguna kwa nguvu mpaka mwenye begi akaniangalia. Lakini ngoja kwanza, huwezi kuelewa kwa nini niliguna bila kupita Mkuyuni.

Mkuyuni ya utoto wangu ilikuwa mawe na harufu ya dagaa. Nyumba ya bibi ilibanwa kati ya mawe mawili makubwa, na juu ya lile la chini tulianika michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa mpaka vinagongana kama vigae. Nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kukaa pale na fimbo kufukuza kuku. Jioni bibi aliichemsha, tukaila na karanga, na utamu ule mpaka leo sijaukuta kwenye hoteli yoyote. Mama yangu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo bibi ndiye aliyekuwa mama, baba na serikali. Mimi mwenyewe aliniita "baba", kwa sababu nilirithi jina la baba yake. Nikikosea alinichapa, halafu akaniambia pole baba.

Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha video, mabati matupu, mabenchi na jenereta lililokohoa kama mzee wa kiko. Jirani yetu mmoja, fundi wa video aliyezoea kupiga harusi na misiba, siku moja akatangaza kwamba naye anatengeneza filamu, tena ya kutisha. Hadithi yake ilikuwa fupi: kijana anapata ajali, anazinduka ahera, anapita katikati ya wafu akimtafuta mama yake. Kijana mwenyewe alitoka gereji ya jirani. Wafu waliokotwa mtaani, ujira wao soda na andazi.

Bibi alichaguliwa kwa sababu alijua kukaa bila kutikisika. Basi maneno yakaanza. Mama muuza dagaa alikuja mpaka mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, acha uchuro! Utavaaje sanda ungali hai? Unajiitia kifo."

"Kila siku nakaa bure," bibi akamjibu. "Leo nakaa kwa soda. Ubaya uko wapi?"

Yeye alicheka, mimi sikucheka. Maneno ya mama muuza dagaa yaliniingia. Nilihesabu watu wangu duniani nikamwona mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa anachagua shuka la kufia.

Walipiga picha kwenye mawe ya ziwani, alasiri. Moshi ulitokana na nyasi mbichi zilizochomwa ndani ya ndoo, kwa hiyo wafu walikuwa wanakohoa sana. Korongo mmoja, wale wala matumbo ya samaki, alikatiza katikati ya ahera kwa mwendo wa afisa na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Fundi alimwelekeza kijana wa gereji: apite taratibu mbele ya wafu, amtazame kila mmoja usoni, asiseme kitu.

Kijana akapita. Akafika kwa bibi. Sasa wewe unajua tulivyolelewa. Umesimama mbele ya mtu mzima, anakutazama machoni, kimya, anakungoja. Kijana alijikaza weee, mwisho ikamtoka.

"Shikamoo bibi."

"Malahaba, baba," bibi akajibu, kwa ile lafudhi yake ya Kisukuma isiyoitaka ile "r" ya watu wa pwani. Hakupepesa jicho. Hakugeuza shingo. Aliitikia kama maiti mwenye adabu zake.

Fundi akajipiga kofi kwenye paji la uso. Alitaka warudie, lakini betri ya kamera ilikuwa imekata roho, na mashuka yalitakiwa kurudi gesti yalikoazimwa. Kipande kikabaki hivyo hivyo.

Siku ya kuonyesha, kibanda kilijaa mpaka watoto tukakaa chini, karibu na runinga. Ilipofika "Malahaba, baba", watu waligeukiana. Halafu benchi la nyuma likapiga yowe, la mbele likaangua kicheko, na mama muuza dagaa akatoka nje na viatu mkononi. Nami, kwa umbea niliozaliwa nao, nikazunguka mtaa mzima kuwauliza walionaje. Kwa kweli nilikuwa natafuta mtu mmoja wa kuniambia kwamba bibi hafi.

Mwalimu wetu alisema filamu ni mbovu, maana mfu wa tatu alivaa viatu vya plastiki, yeboyebo, na korongo je? Katekista alisema wafu wanangoja hukumu, hawana ruhusa ya kupiga soga. Fundi cherehani, Mwislamu mcha Mungu, aliendelea kukanyaga cherehani yake, kisha akasema mambo ya kaburini anayajua Mwenyezi Mungu, ila salamu kuitikia ni wajibu, hapo bibi hana kosa. Mama muuza dagaa ndiye aliyenishangaza. Alisema hakutoka kwa hofu ya mizimu. Alitoka kwa sababu marehemu mama yake alikuwa anaitikia vile vile, na hakutaka watu wamwone analia.

Zile kelele zilimtia fundi wasiwasi. Akaja nyumbani kumwambia bibi kwamba kabla ya kutoa nakala, atakata lile jibu. Bibi alikuwa anamenya viazi.

"Salamu ya yule kijana utaikata?"

"Hiyo ngumu, bibi. Nikiikata, uso wake nao unaondoka."

"Basi mtoto wa watu atakuwa amesalimia mtu mzima asijibiwe? Dunia nzima ione bibi wa Mkuyuni hana adabu? Acha hivyo hivyo."

Fundi akaacha. Alipoondoka nikamsogelea bibi, nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma: kwani wafu huitikia kweli?

"Sijui, baba. Mimi sijafika huko. Lakini nikifika, mtu akanisalimia, nitaitikia."

Uchuro haukumfuata. Aliishi miaka mingi, akawazika wengi waliomtabiria, akaniona naoa. Alipougua mwisho, ugonjwa ulichukua ulimi kwanza. Siku ya mwisho nilimsalimia kitandani hospitalini, shikamoo bibi, midomo ikatikisika, sauti haikuja. Nikasalimia tena. Nimeishi na salamu ile isiyojibiwa, na hilo sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Sasa unaelewa kwa nini niliacha basi likaondoka, nikachukua bodaboda mpaka Buswelu kwa yule fundi. Njiani tulipita Mkuyuni, na nilitazama kama mgeni. Jiwe letu la michembe limepasuliwa kokoto. Kibanda cha video kimekuwa duka la vioo vya simu. Na wale wafu waliokohoa moshi, wakanywa soda zao wakicheka, karibu wote sasa wamekwenda kweli, pamoja na mwalimu na fundi cherehani waliobishana juu yao. Wote wale waliokuwa na maoni, leo wanalijua jibu, na hakuna anayeweza kurudi kutuambia.

Fundi amezeeka, miwani inamtelezea puani. Nikamwamkia, akaniuliza mimi mtoto wa nani, nikamwambia, akanivutia kiti. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yake, kipande cha bibi kimeshawekewa alama ya kukatwa.

"Watu wananicheka, mwanangu," akasema. "Kazi yangu moja tu ya maana, wanaishia hapo."

Nikamkumbusha viazi na maneno ya bibi. Kisha, sijui nilipata wapi ujasiri, nikamweleza na ile salamu ya hospitalini. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. Akaipeleka video nyuma, moshi ukarudi, korongo akarudi, kijana wa gereji akaanza kupita mbele ya wafu. Alipofika kwa bibi, mzee akaizima sauti, akanitazama.

Nikaelewa ananipa nafasi.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Mzee akafungua sauti.

"Malahaba, baba."

Alama ya kukata akaifuta mwenyewe, bila kuombwa. Akaniuliza kama nataka niisikie tena. Nikamwambia ndiyo mzee, irudishe kidogo, hata hali yake sijamuuliza.