Fomu Iliyomrudisha Mama Usichanani

Kamusi yangu ya Kiingereza ilinuka vitunguu. Nilipewa kama zawadi ya kuwa wa kwanza darasani, na kwa kuwa nyumba yetu ya Landless, pale Thika, ilikuwa chumba kimoja kisicho na kabati, Mama aliihifadhi kwenye kreti la bidhaa za kibanda chake cha mboga. Mvua za Aprili zilipoanza na shule zikafungwa, nilikaa kibandani nikiisoma kuanzia herufi ya kwanza, maji yakigonga mabati. Nilikuwa na kiburi, sitaficha. Mtu akipata barua ya Kiingereza mtaani aliambiwa apeleke kwa Njeri, na Njeri alikohoa kwanza kama hakimu kabla ya kuisoma.

Ndipo kanisa letu likawagawia wanawake fomu za kuwapanga katika vikundi vipya. Mama alinipa yake niijaze huku yeye akikata sukuma wiki. Jina, sawa. Kazi, sawa. Kisha nikafika kwenye visanduku: "single", "married", "separated", "divorced", "widowed". Maneno yote niliyajua, lakini nilitaka uhakika, nikamwuliza Mama harusi yao ilifanyika lini. "Harusi gani? Sisi hatukufanya harusi," alijibu bila hata kuinua macho. Mama Wafula, jirani yetu wa kutoka Bungoma, alikuwa hapo akichagua nyanya. Akacheka: "Huku Landless sote ni 'come-we-stay' tu, njoo tukae basi, mtoto wangu!" Kando ya neno "bride" kamusi ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye gauni jeupe refu, na ukuta wetu haukuwa na picha kama hiyo, ulikuwa na kalenda tu. Nikatia tiki kwenye "single", yaani asiye na mume, nikaikunja fomu, sikumwambia mtu.

Baba alitunza hosteli ya wanafunzi kule Kahawa Wendani, na nyumbani alikuja Jumamosi tu. Sasa nilianza kuwaza. Kama Mama ni "single", basi Baba naye ni "single", na mtu wa namna hiyo hafungwi na lolote. Anaweza kuamka siku moja akaamua asirudi, na hakuna wa kumwuliza. Jumamosi iliyofuata hakuja. Alipiga simu kusema kwamba chuo kinafunguliwa na kazi ni nyingi. Mama aliridhika, mimi nikageuka kuhesabu mashati yake yaliyobaki kwenye msumari. Jumamosi ya pili pia hakuja. Chakula kilinishinda. Nilisoma "separated", nikasoma "deserted", yaani aliyetelekezwa, nikatamani ningezawadiwa begi badala ya kamusi.

Kesho yake kanisani, katibu alisoma majina ya vikundi vipya. Wanawake wenye waume wakatajwa wote, Mama hakusikia jina lake. Lilikuja mwisho kabisa, katikati ya wasichana walioalikwa kwenye semina ya kumpata mchumba mwema. Ngai! Watu walicheka, Mama Wafula akajishika mbavu. Mama alinivuta mkono mpaka nje. "Njeri, umeniandika nini wewe?" Nikaangua kilio nikamwaga yote: gauni, kalenda, na Baba ambaye nilijua hatarudi tena. Nilingojea kofi. Mama aliniachia mkono, hasira zikamwisha. "Woi," akasema, "na hayo yote umeyabeba peke yako?"

Jumamosi ya tatu Baba alifika, viatu vimejaa matope. Mama alimweleza mlangoni. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akanitazama na kicheko kikakatika. Akasema kesho tunakwenda Murera, kwa Cucu, mamake Mama. Cucu hakunipa hotuba. Alinishika mkono akanizungusha uani: hapa tulikaa sisi, pale ukoo wa babako, na hapa katikati ndipo babako alipopewa kisu. Ilikuwa siku ya ngurario, sherehe inayokamilisha ndoa kwetu Wakikuyu. Baba alikata bega la mbuzi mbele ya koo zote mbili, akamlisha Mama, watu wakiona. "Akishakata hapo, ameoa, hakuna maneno mengine," Cucu alisema. "Na vile mikono ilikuwa inamtetemeka, nilidhani atajikata kidole!" Baba akainamisha kichwa kwa aibu. Nilimshika mkono sikuuachia. Lo, jinsi nilivyopumua! Njaa ilinirudia papo hapo, nikala mukimo wa Cucu sahani mbili.

Leo ninaishi Ruiru na mume wangu. Sisi tulifanya yote: mbuzi, kanisa na cheti cha serikali. Vijana wa ploti yetu wana maneno kuliko kamusi yangu, mara "partner", mara "fiancé", mara "baby mama", na mengine sijui hata yanaanzia wapi na kuishia wapi. Siwacheki, kila mtu ana mambo yake. Lakini ile hofu ya siku zile naikumbuka kila ninapompigia Mama simu huko Murera, walikojenga baada ya Baba kuacha kazi, kwa maana Mama huwa na lalamiko moja tu. "Babako haendi mahali, Njeri. Nikienda kukama, yuko nyuma. Nikiingia jikoni, ameweka stuli mlangoni, siwezi kupita na sufuria. Aki mwite huko Ruiru akae hata siku mbili nipumzike." Nimemwita mara nyingi. Hakubali kuja bila Mama.