Donge la Mkulima wa Kisasa

Ningeficha hili, lakini kijiji kizima cha Chepsaita kinajua. Nilikuwa nafundisha kikundi cha akina mama mambo ya udongo. Nikatia madonge mawili kwenye glasi za maji. Moja lilitoka shambani kwangu, ninapolima kwa trakta kila msimu. Lingine nililichimba kwenye nyasi kando ya fensi, mahali ambapo hapajawahi kulimwa.

“Hili la mkulima wa kisasa litashikamana,” nikajigamba. “La nyasi litayeyuka.”

Langu likaporomoka, likawa uji. La nyasi likakaa zima ndani ya maji safi, mizizi midogo imelikumbatia. Nilistaajabu hadi nikasahau aibu.

“Mwalimu,” Mama Chebet akanong’ona, “huyo mkulima wa kisasa ni nani, tumwombee?”

Mke wangu, aliyeketi miongoni mwao, akainua mkono kama mwanafunzi mwenye jibu.