Wimbo Niliojifunza kwa Betri za Juani

Niliondoka kijijini kwetu, upande wa Manyoni, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amenibana. Ndiyo miaka ile kila kitu shuleni kilianza kuchangiwa na wazazi, kuanzia madawati hadi chaki, na kila kipindi kikawa kinaulizwa kina faida gani. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliniita pembeni akanieleza taratibu kwamba kipindi cha muziki kitabaki iwapo anayekifundisha amesomea, la sivyo kitageuzwa kipindi cha shamba. Mimi kusomea sikuwa nimesomea. Nilikuwa na gitaa, kwaya ya darasa la sita, na mapenzi ya muziki wa roki ambayo wenzangu ofisini waliyaona kama ugonjwa. Chuo kimoja cha Dodoma kilikuwa kinatafuta walimu wa kuwasomesha muziki. Nikaomba, wakaniita kwenye usaili.

Kila msailiwa alitakiwa ataje mapema wimbo mmoja atakaoupiga akisindikizwa na wanafunzi wa chuo. Mimi nilitaja wimbo wa roki niliokuwa nao kwenye kaseti, kwa sababu ndio wimbo niliodhani ninaujua kuliko jina langu. Niliunyonya sauti moja moja kwenye redio kaseti yangu inayotumia betri sita. Umeme kwetu ulikuwa haujafika, na mshahara wa mwalimu haukuruhusu betri sita mpya kwa mpigo. Nilikuwa nanunua mbili, nachanganya na za zamani, na zikichoka nazianika juu ya bati zipate nguvu. Zikilegea kabisa mwimbaji anakoroma, basi najua zimekwisha. Zikitoka juani anaimba vizuri, kwa sauti nzito na mwendo wa pole, kama mtu aliyebeba gunia kichwani. Niliupenda sana uzito ule. Watoto nao niliwafundisha wimbo kwa do-re-mi, na kwa kuwa wengi ni watoto wa Kigogo, waliozoea tangu utotoni kuimba kwa sauti kadhaa kwa pamoja, sauti ya pili na ya tatu walijipangia wenyewe bila mimi kusema neno.

Stesheni ya Manyoni, siku ya Ijumaa, treni ilichelewa kama kawaida yake, na mimi nikaitumia nafasi hiyo kujitia hofu zaidi. Gitaa nilikuwa nimelifunga kwa khanga ya mke wangu. Kila mzigo uliorushwa dirishani nilidhani utaliangukia. Tulipofika Saranda abiria wote walinunua kuku, behewa zima likanukia, na mimi hata tonge halikupita. Treni ikaanza kushuka mteremko kuelekea Kintinku, breki zinalia, na vidole vyangu vinapiga gitaa kwenye goti. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimemeza dawa ya malaria. Nikamwambia shikamoo kwanza, maana hata kusalimia nilikuwa nimesahau, halafu nikamweleza kwamba naenda kwenye usaili. Alinipa pole, akanimegea paja la kuku wake. Mpaka mashamba ya mpunga ya Bahi yanapita dirishani nilikuwa bado nimelishika mkononi.

Dodoma nilifikia mtaa wa Kikuyu, kwa dada yangu Zuhura na mumewe, Shemeji Rajabu. Shemeji alikuwa na kibanda mtaa wa Chang'ombe, hapohapo Dodoma, anauza redio na kaseti, biashara iliyokuwa imewaka tangu mipaka ilipolegezwa na bidhaa za Dubai kuanza kumiminika. Ni mtu wa utani asiyechoka. Aliponiona na khanga yangu aliuliza kama nimeleta mgonjwa. Dada alinipakulia ugali na mlenda, akanikaripia nile, na usiku ule nikalala kidogo.

Jumamosi alasiri Shemeji alinipeleka kwenye ukumbi mmoja palepale Chang'ombe, ambako bendi ya wanafunzi wa chuo kile ilikuwa inapiga roki. Mpiga ngoma na mpiga besi wake ndio waliopangwa kunisindikiza siku ya usaili, kwa hiyo nilikwenda kama mtu anayekwenda kuwaona wakwe. Jamani, sikuwahi kusikia gitaa la umeme likipigwa mbele yangu. Kaseti inaingia masikioni, lakini kile kitu kiliingia tumboni. Nilisimama karibu na spika mpaka Shemeji akanivuta. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja, nikajiambia kwamba muziki huu mtoto anastahili kufundishwa kama anavyofundishwa hesabu, maana kila mmoja pale jukwaani alikuwa anahesabu na kumsubiri mwenzake.

Kisha wakapiga wimbo wangu. Walianza juu, juu mno, na kwa mbio, hata ile sehemu ya gitaa niliyokuwa naipenda ikapita kabla sijakaa sawa. Nilikasirika. Nilimwambia Shemeji kwamba vijana hawa wana haraka, wanaharibu wimbo wa watu, na Jumatatu nitawaeleza. Hakubishana. Alisema turudi nyumbani nimsikilizishe huo wa kwangu.

Nyumbani nikatoa kaseti yangu kwa fahari, nikaiweka kwenye redio yake iliyochomekwa ukutani. Ikaanza. Ilikuwa juu, na mbio, vilevile kama vijana walivyopiga. Niliitoa nikaigeuza, nikasoma mwandiko wangu, nikairudisha. Mwimbaji niliyemjua kwa sauti ya jitu alikuwa kijana mwembamba wa sauti. Kumbe betri zangu zilizochoka ndizo zilizokuwa zinaizungusha kaseti polepole. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo ulikuwa unamsikiliza mtu mwenye usingizi," alisema.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza darasa zima la watoto niliowafundisha usingizi huo, na kipindi kilichokuwa kinaning'inia kwenye wimbo nisioujua.

Jumapili nilishinda uani nikijaribu kuukimbiza. Kwanza nikapandisha nyuzi zifikie sauti ya kaseti, na ule mwembamba ukakatika. Shemeji akanitafutia uzi wa waya wa breki ya baiskeli, tukaufunga, ukashika. Sauti nikaipata. Mwendo sikuupata. Vidole vikifika kati vinarudi vyenyewe kwenye mwendo wa kijijini, kama punda anayejua njia ya kwao. Jioni dada aliniambia nikiendelea atalificha gitaa. Nilimjibu vibaya, nikamwomba radhi.

Jumatatu, chuoni, aliyetusaili alikuwa mkufunzi mmoja mama wa makamo, Madam Senyagwa, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alinipa kwanza jaribio la kusikia: anapiga sauti kwenye kinanda, nami nazitaja. Hapo sikukosea. Kisha akawaita wale vijana wawili, mpiga ngoma akahesabu, tukaanza kupiga. Nilikwenda nao mistari michache. Baadaye ngoma ikawa mbele, besi katikati, mimi nyuma peke yangu, mpaka nikaondoa mikono kwenye nyuzi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Madam aliniuliza wimbo huu nimejifunzia wapi. Nikamwambia yote, betri, bati na jua, maana uongo nao ungehitaji ufundi. Vijana waliinamisha vichwa wasionekane wakicheka. Madam hakucheka. Akaniambia nipige peke yangu, kama ninavyoujua. Nikalegeza nyuzi, nikapiga taratibu, na sauti ya tatu ya watoto nikaiimba kwa mdomo kwa sababu bila hiyo wimbo ule kwangu haujakamilika.

"Watoto wako wanaujua hivyohivyo?" aliuliza.

"Ndiyo, Madam."

"Ukirudi utawaambia nini?"

Nilijua hapa ndipo penyewe. Nilitaka kujibu kwamba nitawasahihisha, ndilo jibu la mwalimu. Lakini nilishindwa kulitamka, kwa sababu ile sauti ya tatu haikuwa kosa la mtu.

"Nitanunua betri sita mpya wausikie wenyewe," nilisema. "Nitawaambia kwamba mimi ndiye niliyekosea. Zaidi ya hapo, Madam, sijui."

Akafunga kinanda. "Una sikio, ila limelelewa na betri," alisema. "Muhula ujao uje tulisomeshe."

Nilirudi Kikuyu na habari hiyo. Dada alipiga vigelegele jirani wakatoka, na Shemeji akanipa betri sita mpya kutoka kibandani, akakataa hela.

Njia nzima ya kurudi ningepaswa kuwa mtu wa furaha. Kipindi kilikuwa kimepona. Lakini treni ilipokuwa inapanda kutoka Kintinku, wasiwasi nao ulikuwa unapanda. Mtu mzima kumwambia mtoto kwamba nilikufundisha nisichokijua si jambo jepesi. Nilichojifunza Dodoma ni hicho: mwalimu wa muziki anafundisha hata yale asiyojua kwamba anafundisha.

Siku ya pili darasani niliweka betri zote sita mbele ya macho yao, nikawaeleza kosa langu, nikabonyeza. Watoto walisikiliza vichwa wamevipinda. Wimbo ulipokwisha, Mwasiti wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani huyu anakimbizwa na nani?"

Darasa likacheka, nami nikacheka, na hofu ikanitoka. Wakaanza kudai tuimbe. Nikawauliza tuimbe upi, wakajibu kwa pamoja, "Wetu!" Wakasimama, kila mmoja akashika sauti yake. Nikainua mkono niwahesabie, moja, mbili, kama siku zote. Mkono ukabaki juu. Macho yote yalikuwa kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha, sikujua nihesabu kwa mwendo gani.