Boulon ya kushoto ya camion ya baba

Batu ba mécanique, munisaidie. Kichwa yangu imeshindwa.

Leo hapa Rughenda, pneu ya kushoto ya camion ya zamani ya baba ilipasuka. Boulon moja ya kushika gurudumu ikakataa kufunguka. Tukaweka mafuta, tukarefusha clé ya kufungulia na tuyau ya chuma, batu batatu tukapanda juu.

Boulon ikakatika.

Mama moja muuzishaji wa ndizi akaniambia:
«Mutoto yangu, marehemu bwana yangu alikuwa chauffeur. Hizi za zamani, kushoto banafunguaka kwa kugeuza upande wa kufunga.»

Nikajaribu boulon ya pili vile. Ikatoka na mukono moja.

Mais wiki iliyopita, mbele ya kupeleka bamama ba chorale Mutwanga, mimi mwenyewe nilikaza boulon za pneu zote za kushoto, kwa upande wa kawaida.

Donc nilikaza, ao nilifungua?

Bamama, muliimba njia yote. Sasa sijue ni nini ilitufikisha.